Kuhifadhi mkate nyumbani Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu mkate wa unga wa ngano unaoliwa katika nyumba za Lubumbashi: bageti, mkate wa boksi, mkate wa maziwa na ule unaookwa nyumbani. Hali ya hewa inayotajwa ni ya hapa, ambapo mvua hunyesha zaidi kuanzia Novemba hadi Machi na kiangazi hushika kuanzia Mei hadi Septemba. Anayeishi Goma au Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, ambako kiangazi ni kifupi zaidi, afuate hasa jibu la 10.

## Mambo ya msingi

1. Njia bora ya kuhifadhi mkate nyumbani ni ipi?

Inategemea mkate huo utaliwa lini. Mkate wa leo na kesho ukae nje ya friji, mahali pakavu na penye kivuli, ukiwa umefunikwa bila kubanwa. Ule ambao hautaliwa ndani ya siku mbili ukatwe vipande na kugandishwa siku ileile uliponunuliwa, ikiwa nyumba ina friza na umeme wa kutegemewa. Isipokuwa hivyo, ni afadhali kununua kidogo mara nyingi kuliko kununua mwingi na kuutupa.

Hakuna jibu moja kwa wote kwa sababu mkate huharibika kwa njia mbili zinazovutana. Ukiachwa wazi, hupoteza maji na kukauka. Ukifungwa usipumue, unyevu hubaki ndani, ganda hulegea na ukungu hupata makao. Kila mfuko na kila chombo kinachotajwa hapa chini hupunguza tatizo moja kwa kuongeza kidogo lile jingine, na mwenye nyumba ndiye anayepaswa kupima ni lipi lililo karibu zaidi, akiangalia majira na aina ya mkate alionao.

2. Kwa nini mkate hukakamaa hata ukiwa umefungwa vizuri?

Kwa sababu kukakamaa na kukauka ni mambo mawili tofauti. Mwaka 1852 mkemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha kwamba mkate uliofungwa usiweze kupoteza maji hukakamaa vilevile, na kwamba ukipashwa moto hadi nyuzi 60 hivi hulainika tena. Kinachobadilika ni wanga. Mkate unapookwa, chembe za wanga hunywa maji, huvimba na kulegea. Unapopoa, molekuli za wanga huanza kujipanga upya na kushikamana, na sehemu ya ndani huwa ngumu na yenye kumeguka ingawa maji yake bado yamo.

Badiliko hili huanza saa chache tu baada ya mkate kutoka tanurini, wala hakuna mfuko unaoweza kulizuia. Mafuta, maziwa na sukari hulichelewesha, na ndiyo maana mkate wa maziwa hubaki laini siku kadhaa ilhali bageti, ambayo ni unga, maji, chumvi na hamira tu, huanza kuwa ngumu jioni ya siku ileile.

3. Je, mkate uwekwe kwenye friji?

Kwa kawaida, hapana. Wanga hushikamana kwa kasi kubwa zaidi katika baridi iliyo juu kidogo ya sifuri, na hiyo ndiyo baridi ya friji. Mkate uliolala humo hukakamaa haraka kuliko uliolala mezani. Ni kweli kwamba ukungu huchelewa kuota kwenye baridi, na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika: mkate hauonyeshi doa lolote, kwa hiyo wanadhani umehifadhiwa vizuri, kumbe ulishapoteza ladha na ulaini.

Kuna hali mbili ambapo friji inakubalika. Ya kwanza ni mkate uliokwisha kujazwa nyama, mayai au krimu, kwa kuwa hapo kinacholindwa ni kile kilicho ndani (tazama swali la 21). Ya pili ni mkate wa majira ya mvua ambao familia imeshaamua kuula ukiwa umechomwa tu. Ugumu wake utaondolewa na moto kwa kiasi kikubwa, na siku chache zinazoongezwa na friji zina faida.

4. Nimenunua mkate ukiwa bado moto. Niufunge lini?

Ukishapoa kabisa, mpaka ndani. Mkate moto unaendelea kutoa mvuke, na ukifungwa kwenye sashe mvuke huo hugeuka matone. Anayetaka ushahidi aangalie upande wa ndani wa sashe dakika chache baada ya kutoka kwa mwokaji: plastiki inakuwa na ukungu wa maji kama kioo cha gari asubuhi ya mvua, kisha matone yanateremka na kutulia chini ya mkate, mahali ambapo doa la kwanza la kijani litaonekana.

Ukifika nyumbani, toa mkate kwenye sashe, uweke juu ya waya, ungo au vijiti viwili ili hewa ipite chini pia, na uufunike kwa kitambaa chepesi kuzuia nzi na vumbi. Bageti hupoa katika muda mfupi; mkate mkubwa wa boksi huhitaji saa mbili au zaidi. Sashe yenyewe ikaushwe kabla ya kutumiwa tena.

5. Mahali gani jikoni panafaa?

Kabati au rafu iliyo mbali na moto, na jua, na maji. Usiuweke juu ya friji, kwa sababu injini yake hutoa joto, wala karibu na mbabula, kwa sababu ya joto na vumbi la makala pia. Mkate hushika harufu upesi, kwa hiyo usikae kabati moja na vitunguu, samaki wakavu, sabuni au mafuta ya taa.

## Mifuko na vyombo

6. Kipi ni bora: sashe, karatasi, kitambaa au sanduku la mkate?

Karatasi inafaa bageti na kila mkate wenye ganda gumu, kwa siku ya kwanza. Inaruhusu unyevu utoke, na ganda linabaki na mlio wake. Siku ya pili bageti hiyo itakuwa imekauka, lakini hilo lingetokea tu, na angalau haikupitia hatua ya kuwa kama mpira.

Sashe ya plastiki inafaa mkate laini wa boksi na wa maziwa, ambao hauna ganda la kulinda. Ifungwe bila kukazwa sana, na hewa nyingi itolewe kwanza. Sashe iliyokwisha kubeba nyama au samaki isitumiwe, hata kama imeoshwa.

Kitambaa kizito cha pamba kiko katikati ya hivyo viwili, na kwa maoni yangu ndicho kinachofaa nyumba nyingi za hapa, kwa sababu kinafuliwa na kinadumu miaka. Kifuliwe kwa sabuni isiyo na manukato makali, kikaushwe juani, na kisitumike kupangusa meza. Sanduku la mbao au la bati lenye matundu machache hufanya kazi ileile na kuzuia panya zaidi ya hapo, ila sioni sababu ya kulinunua kwa bei kubwa ikiwa jibu linalofuata linatosha.

7. Sina sanduku la mkate. Nitumie nini?

Sufuria kubwa yenye kifuniko. Kunja kitambaa kikavu na ukitandaze chini, weka mkate juu yake upande uliokatwa ukiangalia chini, kisha funika, ukiacha mpini wa kijiko kati ya kifuniko na ukingo ili ubaki upenyo mdogo. Wakati wa kiangazi toa kijiko hicho na ufunike moja kwa moja. Badilisha kitambaa kila baada ya siku mbili au mara kinapokuwa na unyevu, na ufute makombo, kwa kuwa makombo ya zamani hubeba ukungu na kuuambukiza mkate mpya.

8. Nifanyeje kuhusu sisimizi, mende na panya?

Kwa sisimizi, weka chombo cha mkate katikati ya sahani pana yenye maji kidogo, hawavuki. Dhidi ya panya, plastiki na kitambaa si kinga, ni lazima bati au sufuria. Mkate uliotafunwa na panya au uliotembelewa na mende utupwe wote, kwa sababu mkojo na kinyesi cha wanyama hao vinaweza kuambukiza magonjwa hata pale pasipo na alama ya meno. Dawa ya wadudu isipulizwe kamwe kwenye kabati lenye chakula.

9. Je, niukate mkate wote mara moja?

Hapana, isipokuwa unaenda kwenye friza. Ganda ndilo linalozuia ndani pasikauke, na kila uso uliokatwa ni mlango wa ukungu pia. Familia ndogo inaweza kuanza kukata katikati, si pembeni: ukishatoa vipande vya leo, nusu mbili zinazobaki zinasogezwa pamoja, uso kwa uso, na hakuna upande wa ndani unaobaki wazi. Kisu na ubao viwe vikavu.

## Majira ya Lubumbashi

10. Mkate wangu huota ukungu upesi wakati wa mvua. Kwa nini, na nifanyeje?

Moto wa tanuri huua mbegu za ukungu, kwa hiyo mkate hutoka humo ukiwa safi. Ukungu huingia baadaye, kupitia hewa, mikono, kisu na ubao, na unachohitaji ili uote ni joto la wastani na unyevu. Kati ya Novemba na Machi hivyo viwili vipo mchana na usiku. Katika miezi hiyo mkate usifungwe kabisa kwenye plastiki kwa zaidi ya siku moja. Hata ule wa boksi uhamishiwe kwenye kitambaa au kwenye sufuria yenye upenyo. Nunua wa kutosha siku moja au mbili, osha chombo mara kwa mara kwa maji ya moto na siki, na ukikaushe kabisa kabla ya kurudisha mkate.

11. Na wakati wa kiangazi?

Hapo adui ni ukavu. Mkate ulioachwa mezani asubuhi ya Agosti unakuwa mgumu kabla ya chakula cha jioni, na vumbi la barabarani linaingia kila penye upenyo. Plastiki sasa ni rafiki: funga mkate uliopoa kwenye kitambaa, kisha kitambaa hicho kwenye sashe.

Juni na Julai zina jambo lake. Usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 10 au chini yake, na jiko lisilo na moto linakaribia baridi ya friji. Mkate hukakamaa kwa sababu ileile iliyoelezwa katika jibu la 3, hata ukiwa umefungwa vema. Hakuna haja ya kumlaumu mwokaji. Upashe moto kidogo kabla ya kuula (swali la 16).

12. Kila aina ya mkate hukaa siku ngapi?

Bageti ni ya siku yake. Mkate wa boksi wa kawaida hukaa siku mbili hadi tatu, na wa maziwa au wenye mafuta unaweza kufika siku tatu au nne wakati wa kiangazi, pungufu ya hapo wakati wa mvua. Mkate uliochachushwa kwa chachu ya asili hukaa zaidi kwa sababu asidi yake huchelewesha ukungu. Ule uliochanganywa na unga wa muhogo hukauka na kumeguka mapema, kwa kuwa muhogo hauna gluteni inayoushikilia mkate. Mikate ya dukani iliyofungwa kiwandani huwa na vihifadhi; fuata tarehe iliyoandikwa, na ukishafungua mfuko uuhesabu kuwa mkate wa kawaida.

## Kugandisha

13. Mkate unagandishwa vipi?

Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kukakamaa kunasimama na ukungu hauoti, mradi mkate uingie ukiwa bado mbichi. Usisubiri siku ya tatu ndipo uugandishe, maana friza hurudisha kile ilichopewa. Upoe kabisa, ukatwe vipande, ufungwe kwenye mfuko mzito, hewa ikamuliwe nje, na tarehe iandikwe. Ukiliwa ndani ya mwezi mmoja unakaribia kuwa sawa na mpya. Hadi miezi mitatu unafaa bado, ingawa barafu nyeupe itakuwa imeanza kukausha kingo.

Fungasha kwa kiasi cha mlo mmoja. Nyumba ambayo baba au mama hutoka alfajiri kwenda kazini Kipushi au kwenye migodi ya mbali zaidi itaona faida ya vifurushi vya vipande vinne vinne vinavyotolewa usiku na kuwa tayari saa kumi na moja asubuhi.

14. Na kuyeyusha?

Vipande vinaweza kwenda moja kwa moja kwenye moto vikiwa na barafu. Mkate mzima uachwe ndani ya mfuko wake, nje ya friji, kwa saa mbili hadi nne, ili maji yaliyoganda yarudi kwenye mkate badala ya kupotea hewani. Ukiona matone mengi ndani ya mfuko, toa mkate, futa mfuko, na ule mkate siku hiyo.

15. Umeme ukikatika siku nzima, mkate ulio kwenye friza utaharibika?

Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushikilia baridi kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuacha mlango ulivyo, na kuwaambia watoto vivyo hivyo. Mahali penye nafasi panaweza kujazwa chupa za maji, ambazo zikiganda husaidia kutunza baridi.

Mkate mtupu ulioyeyuka unaweza kugandishwa tena bila hatari, ila utakuwa mkavu zaidi. Mimi ningeuchoma na kuumaliza. Mkate wenye nyama, jibini au krimu usigandishwe tena ikiwa umeshapata joto. Palipo na ukataji wa umeme wa mara kwa mara kiasi kwamba friza huyeyuka kila wiki, kugandisha mkate hakuna maana, na jibu la 22 lina njia nyingine isiyohitaji umeme.

## Kurudisha uhai wa mkate

16. Mkate uliokakamaa unaweza kulainika tena?

Ndiyo, ikiwa umekakamaa tu na haujakauka kabisa. Lowesha vidole, nyunyiza maji kidogo kwenye ganda, kisha uweke ndani ya tanuri la nyuzi 150 hadi 180 kwa dakika tano hadi kumi. Asiye na tanuri atumie mbabula: makala yaliyokwisha kuwaka na kufifia, sufuria nzito juu yake, vijiwe vitatu au waya ndani ili mkate usiguse chini, na kifuniko. Dakika tano zinatosha kwa nusu bageti, na ukifunua mapema joto lote linatoka.

Ule palepale. Wanga utashikamana tena mara mkate unapopoa, safari hii kwa haraka zaidi, na kuupasha mara ya pili hakuleti matokeo yaleyale.

17. Na ule ambao haufufuki?

Loweka vipande kwenye mayai na maziwa, ukaange. Saga uwe unga wa kufunikia samaki au kuku kabla ya kukaanga. Au uloweke na kuchanganya na nyama ya kusaga ya bulete. Yote haya ni kwa mkate mkavu ulio safi, si wenye ukungu.

## Ukungu na hatari

18. Je, naweza kukata sehemu yenye ukungu na kula iliyobaki?

Hapana. Doa linaloonekana ni sehemu ya ukungu inayozaa mbegu. Nyuzi zake, ambazo macho hayazioni, zimeshapenya ndani ya mkate, ambao ni laini na wenye matundu. Katika mkate uliokatwa vipande na kulala mfuko mmoja, vipande jirani navyo vimeguswa. Tupa wote, usiunuse, kwa sababu mbegu zinaweza kuwasumbua wenye pumu au mzio, kisha osha chombo.

Kuuchoma moto hakusaidii. Moto unaweza kuua ukungu wenyewe, lakini baadhi ya sumu ambazo aina fulani za ukungu hutengeneza hustahimili joto la jikoni. Kama huna hakika kuwa weupe unaouona ni ukungu au ni unga wa mwokaji, papase kwa kidole: unga hufutika na kuacha ganda safi, ukungu una manyoya na kwa kawaida hugeuka kijani, kijivu au mweusi kesho yake.

19. Wengine husema ukungu wa mkate ni dawa, kwa kuwa penisilini ilitokana nao. Ni kweli?

Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka 1928 katika hospitali ya St Mary's, London, kutokana na ukungu wa jamii ya Penicillium ulioota kwenye sahani yake ya maabara. Lakini dawa ile ilisafishwa na kupimwa kabla ya kupewa mgonjwa. Ukungu wa kwenye mkate unaweza kuwa wa aina nyingine kabisa, kama ule mweusi unaoitwa Rhizopus stolonifer, na hakuna anayeweza kujua kwa macho umebeba nini. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya.

20. Basi niwape kuku mkate wenye ukungu?

Mkate mkavu ulio safi, ndiyo, kwa kiasi kidogo na uliolowekwa. Wenye ukungu, hapana. Mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kutokana na chakula chenye karanga zilizoota ukungu, na uchunguzi wa vifo hivyo ndio uliofichua sumu ya aflatoksini. Ukungu wa mkate si lazima uwe na sumu hiyo, lakini ndege ni wepesi kudhurika, na mayai yao yanarudi mezani kwetu.

## Hali za pekee

21. Watoto hubeba mkate wenye mayai au parachichi shuleni. Utakaa hadi saa ngapi?

Mkate wenye mayai, nyama au mayonezi usikae kwenye joto zaidi ya saa mbili. Ikiwa mapumziko yako mbali zaidi ya hapo, weka karanga za kusaga au jemu. Parachichi hubadilika rangi mapema bila kuwa hatari. Matone ya limau huchelewesha.

22. Tuna msiba nyumbani, tumeletewa mikate mingi kuliko watu watakavyokula. Tufanyeje?

Kwanza, iliyo moto isirundikwe. Mikate iliyofika usiku ndani ya magunia ya plastiki itandazwe kwenye meza au mkeka safi, ifunikwe vitenge, na itumike kwa mpangilio wa kufika. Bageti zitangulie, mikate ya maziwa ifuate. Wanaosaidia jikoni waambiwe wasifungue mkate mpya kabla ya kumaliza uliokatwa. Inayozidi igawiwe majirani siku ileile, ikiwa bado na heshima ya kutolewa.

Inayobaki baada ya hapo ikaushwe. Kata vipande vyembamba vya unene wa kidole, vipange kwenye tanuri la moto mdogo, au kwenye waya juu ya makala yanayofifia, na uvigeuze mpaka visiwe na ulaini hata katikati. Kipande kikivunjwa kitoe mlio mkavu, na kikijikunja kirudi motoni. Vipoe, kisha viingie kwenye debe au ndoo yenye kifuniko kinachobana. Hapa, tofauti na mkate laini, kufunga kabisa ndiko kunakotakiwa, kwa kuwa hakuna maji yaliyobaki ya kulisha ukungu. Vitakaa wiki kadhaa, na huliwa vikichovywa kwenye chai.

23. Niliuoka mwenyewe, siku ya pili ndani unanata, unavuta nyuzi na kunuka kama nanasi lililooza. Huu ni ukungu?

Hapana, ni bakteria, mara nyingi Bacillus subtilis. Mbegu zake hutoka kwenye unga na kustahimili tanuri, kwa sababu katikati ya mkate hapazidi nyuzi 100, na huamka mkate unapokaa kwenye joto na unyevu, hasa Oktoba na mwanzoni mwa mvua. Mkate huo usiliwe wala usikaushwe. Osha ubao, bakuli na chombo cha mkate kwa siki, usitumie tena unga uliomwagika mezani, na katika kinyunga kinachofuata ongeza siki kidogo, uoke mpaka katikati paive kabisa, kisha upooze mkate kama ilivyoelezwa katika jibu la 4. Ikitokea tena, badilisha mfuko wa unga.